Magunia Yaliyodondoka Bama: Maswali ya Wasomaji kuhusu Ndege za Dakota na Askari wa Keya

Toleo lililopita tuligusia kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Keya (King's African Rifles, yaani KAR), ililishwa kwa ndege za mizigo za Dakota ilipokuwa ikipigana na Wajapani huko Bama (Burma, leo Myanmar) mwaka 1944. Hatukudhani sentensi moja ingeleta barua nyingi hivi. Tumechagua sita. Ile ya mwalimu wa Mumias tumeipa nafasi kubwa, kwa kuwa amegusa kiini cha jambo lenyewe.

Babu yangu alikuwa Keya. Alikuwa akituambia habari za ndege kubwa zilizotua ziwani hapa Kisumu wakati wa vita, na sisi wajukuu tukaamini kwamba ndizo zilizompeleka Bama. Je, Kisumu kulikuwa na kikosi cha ndege za kusafirisha askari?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Ndege ambazo babu alizisimulia zilikuwepo kweli, ila hazikumpeleka Bama. Kisumu ilikuwa kituo cha njia ya ndege tangu mwaka 1931, shirika la Imperial Airways lilipoanzisha safari ya kutoka London hadi Mwanza. Kufikia mwaka 1937 zilikuwa zikija ndege kubwa za majini zilizoundwa na Short, zenye tumbo kama mashua na injini nne, na zilitua juu ya maji ya ziwa. Italia ilipoingia vitani Juni 1940 njia ya bahari ya Mediterania ikazibwa. Safari zikazungushwa kutoka Durban, kupitia Kisumu na Cairo, hadi India na kuendelea mpaka Sydney. Ramani ya njia hiyo ilifanana na kiatu cha farasi, na hilo ndilo jina iliyopewa.

Ndege hizo zilibeba barua, maofisa na abiria wachache. Hata ndege moja ingejazwa watu 24, batalioni ya askari 800 ingehitaji safari zaidi ya 30. Hakuna aliyekuwa na ndege za kufanyia hivyo. Keya wa upande huu walipanda gari moshi hadi Mombasa, wakaingia melini hadi Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka, na huko wakafanya mazoezi ya vita vya msituni kabla ya kupelekwa Bama katikati ya mwaka 1944.

Safari ya bahari haikuwa salama. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 ikielekea Colombo, na miongoni mwa abiria wake walikuwa wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Japani iliipiga kwa topido karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Ikiwa katika ukoo wenu yuko aliyetoka nyumbani mapema mwaka ule na habari zake zikakatika ghafla, hapo ni mahali pa kwanza pa kutafuta.

Ni kikosi gani hasa cha ndege kilichoanzisha kazi hii ya kupeleka askari na chakula Bama?
*Msomaji, Lanet, Nakuru*

Mkongwe wa kazi hiyo ni Kikosi cha 31 cha Jeshi la Anga la Uingereza. Kiliundwa mwaka 1915, kikawa cha kwanza kupelekwa India, na kaulimbiu yake ya Kilatini inasema hivyo hivyo: wa kwanza katika anga la India. Mwaka 1941 kilianza kupokea ndege za DC-2, zile zilizotangulia Dakota, na Aprili mwaka huo huo kikarusha askari kwenda Iraki wakati wa uasi dhidi ya Waingereza. Mwaka 1942, Wajapani walipoivamia Bama, kikageuka kuwa kikosi cha kuwatoa watu: wakimbizi na majeruhi walisombwa kutoka Myitkyina, kaskazini mwa Bama, hadi uwanja ulipotekwa mwezi Mei. Mwaka 1943 kikawalisha kwa ndege askari wa Wingate, kamanda wa Kiingereza, waliopenya nyuma ya mistari ya adui.

Baadaye vikaja Vikosi vya 62, 117 na 194 vya Uingereza, pamoja na vikosi vingi vya Marekani. Mtihani mkubwa ulikuwa mwaka 1944. Mwezi Machi, Divisheni ya 5 ya India iling'olewa Arakan, pwani ya Bama, ikarushwa hadi mapigano ya Imphal, mji wa India karibu na mpaka wa Bama, pamoja na mizinga na nyumbu wake wa kubeba mizigo. Kwa kuwa Dakota hazikutosha, Mountbatten, mkuu wa majeshi ya Washirika Kusini-Mashariki mwa Asia, aliazima ndege 20 kubwa zaidi za C-46 kutoka njia ya kupeleka vifaa China. Imphal ikazingirwa tangu mwisho wa Machi hadi Juni 22, na muda wote huo mji ukaishi kwa ndege. Mzingo ulipofunguka, ndege zile zile zikageuzia pua zao kusini, na hapo ndipo zinapokutana na historia yetu.

Ninafundisha historia kidato cha tatu. Wanafunzi wameniuliza: gunia la mchele litupweje kutoka kwenye ndege bila kupasuka? Na ndege ngapi zilihitajika kulisha jeshi? Naomba takwimu za kufanyia hesabu darasani.
*Mwalimu, Mumias*

Mwalimu, kwanza waonyeshe wanafunzi mahali penyewe. Bonde la Kabaw, magharibi mwa Bama, linateremka kutoka Tamu hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, mwendo wa barabara unaokaribia ule wa Nakuru hadi Nairobi. Divisheni ya 11 iliingia Tamu mwanzoni mwa Agosti 1944, mvua zikiwa zimepamba moto. Mwulize mwanafunzi anayetoka Kano lori hufanya nini kwenye udongo mweusi baada ya siku tatu za mvua, halafu mwambie azidishe kwa miezi mitatu. Wajapani walizoea kwamba majira hayo vita husimama. Safari hii havikusimama, na sababu kubwa ni kwamba chakula hakikuwa kikisubiri barabara.

Ndege yenyewe ni Douglas Dakota. Mabawa yake yana upana wa mita 29, injini mbili za Pratt & Whitney zenye nguvu ya farasi 1,200 kila moja, na wahudumu wanne kwa kawaida: rubani, msaidizi wake, mwongoza njia na mtu wa redio. Ilibeba askari 28 au mzigo wa takriban kilo 2,700. Mlango wake mkubwa wa mizigo uko ubavuni kushoto, kuelekea mkia. Kwa kazi ya kudondosha, mlango huo uling'olewa kabisa na ndege ikaruka ikiwa wazi.

Sasa gunia. Vitu visivyovunjika, yaani mchele, unga, sukari, chumvi na nafaka ya nyumbu, vilitupwa bila mwavuli. Siri ilikuwa kutia gunia ndani ya gunia, mara nyingine matatu. La ndani lilijazwa kwa kiasi, halikushindiliwa. La nje lilikuwa kubwa zaidi, limelegea. Likigonga ardhi, la ndani hupasuka na nafaka humwagika ndani ya lile la nje, ambalo lina nafasi ya kutanuka. Ukilijaza gunia hadi shingoni kama wanavyofanya madalali wa mahindi, litapasuka kama tikiti, kwa sababu nafaka haina pa kukimbilia.

Hesabu ya kwanza ya darasani ni hii. Gunia linatupwa kutoka kimo cha futi 200, yaani mita 61, ndege ikienda kilomita 177 kwa saa, ambazo ni mita 49 kwa sekunde. Tukiacha kando upinzani wa hewa, gunia litafika chini baada ya sekunde tatu na nusu, na katika muda huo litakuwa limesonga mbele mita 170 hivi. Kwa hiyo ukilisukuma ukiwa juu kabisa ya alama, umekwisha kuikosa. Linapogusa ardhi lina kasi inayozidi kilomita 210 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya kasi inayoruhusiwa matatu, na linakuja kwa mshazari, likidunda na kuteleza. Hapo mwanafunzi ataelewa kwa nini magunia hayo yaliua watu na nyumbu, na kwa nini ilikuwa marufuku kuingia uwanjani kuokota kabla ndege ya mwisho haijaondoka. Askari mwenye njaa huliona gunia la kwanza karibu naye, akalikimbilia, na mzunguko wa pili unamkuta hapo hapo.

Risasi, mafuta, dawa na vyombo vya redio vilishushwa kwa mwavuli kutoka juu zaidi, tuseme futi 500. Mwavuli ukishuka mita 7 kwa sekunde, utakaa hewani sekunde 20 na ushei, na upepo wa mita 5 kwa sekunde utausukuma zaidi ya mita 100. Kwenye bonde jembamba mita 100 ni msituni, au mikononi mwa Wajapani. Ndiyo maana walio chini walifukiza moshi: rubani alitaka kujua upepo unavuma kutoka wapi.

Hesabu ya pili. Uwanja wa kudondoshea ukiwa na urefu wa mita 200, ndege inaupita kwa sekunde nne tu. Katika sekunde nne watu wa mlangoni wanaweza kusukuma magunia sita au saba. Gawanya kilo 2,700 kwa magunia ya kilo 40: unapata 67. Kwa hiyo ndege hiyo italazimika kuzunguka mara kumi hivi, na kwa dakika tatu au nne kila mzunguko, itakaa nusu saa na zaidi juu ya mahali pale pale, chini chini, kwa mwendo wa pole. Adui akiwa mlimani karibu ana muda wa kutosha kuilenga.

Hapo mlangoni ndipo palipokuwa na kazi ngumu kuliko zote, na wanaoifanya hawatajwi sana. Wengi walikuwa askari wa usafirishaji wa jeshi la India. Mwanga au kengele kutoka kwa rubani ndiyo amri yao: sukuma, acha. Kabla ya kila mzunguko walilundika mzigo mlangoni, na lundo hilo pamoja na uzito wao wenyewe liliulemea mkia. Rubani alipaswa kuisawazisha ndege papo hapo, kwa sababu pua ikiinuka na kasi ikapotea kwenye futi 200, hakuna nafasi ya kujiokoa. Wakati wa kutupa aliinamisha pua kidogo ili mkia unyanyuke na mzigo upite chini yake. Mwavuli ukifunguka mapema na kunasa kwenye bawa la mkia, usukani unaweza kukwama. Kamba za kufungulia miavuli zilitiwa ndoano kwenye waya uliotandazwa ndani ya ndege, na msukumaji aliyesahau ndoano moja alikuwa ameangusha sanduku la risasi kama jiwe.

Walio chini nao walikuwa na kazi. Kwanza kuchagua mahali: pawe wazi na parefu kuliko upana, ndege iweze kupita kwa kufuata bonde, na mbele pasiwe na kilima cha kuipinga inapopanda. Kisha kutandaza vitambaa vyeupe kwa umbo la herufi iliyokubaliwa, nayo ilibadilishwa badilishwa ili adui asiiige na kujipatia chakula cha bure. Kulinda kingo kwanza, kuokota baadaye.

Hesabu ya tatu, ya kulisha. Weka makadirio ya kilo 2 kwa askari kwa siku, pamoja na magunia na vifungio. Batalioni ya watu 800 inahitaji kilo 1,600, kwa hiyo Dakota moja inatosha na kubaki. Lakini divisheni ina batalioni tisa, mizinga, wahandisi na hospitali. Tukisema watu 15,000, chakula pekee ni kilo 30,000, ndege 11 au 12 kwa siku. Ongeza risasi na mafuta uone idadi inavyopanda. Halafu toa siku ambazo mawingu yamefunga na hakuna kilichoruka.

Mwisho, umbali. Wakubwa wa vita walihesabu maili 250, yaani kilomita 400, kuwa mwisho wa faida ya Dakota. Ni kama kutoka Kisumu hadi Makindu kwa mstari ulionyooka. Kwenda, kuzunguka na kurudi huchukua takriban saa nne, na injini mbili hunywa lita 350 hivi kwa saa. Ukizidisha umbali, mafuta yanakula nafasi ya mzigo na safari za siku zinapungua. Viwanja vya Agartala, Comilla na Sylhet, upande wa India ya wakati ule, vilitosha kuhudumia Kabaw. Jeshi liliposonga kusini, wanajeshi wakatua kwenye visiwa vya Akyab na Ramree, pwani ya Bama, Januari 1945, na viwanja vya ndege vilikuwa sababu kubwa.

Nimesikia kwamba miavuli mingine ilishonwa kwa gunia. Ni kweli au ni porojo za wazee?
*Msomaji, Kitale*

Ni kweli kabisa. Hariri ilikuwa adimu, na jeshi la Jenerali Slim, kamanda wa Kiingereza aliyeongoza vita vya Bama, lilikuwa la mwisho kwenye foleni ya vifaa. Calcutta ilikuwa na viwanda vya juti, uzi ule ule wa magunia ya kahawa, vikashona miavuli ya juti. Mwavuli mmoja uligharimu pauni 1 hivi, wakati wa kawaida ulizidi pauni 20. Slim mwenyewe aliukadiria kuwa na ubora wa asilimia 85 ya ule wa kawaida. Ulitumika kwa mizigo tu, kamwe si kwa watu. Juti hiyo hiyo ilichovywa lami ikatandikwa juu ya barabara ya Tamu hadi Kalewa ili kuzuia maji yasizame udongoni. Kwa hiyo mzee akikuambia barabara ya Bama ilivishwa gunia, msikilize.

Je, hali ya hewa iliangusha ndege nyingi kuliko Wajapani?
*Msomaji, Bungoma*

Kwenye njia hiyo, hali ya hewa ilikuwa adui wa kila siku. Kati ya viwanja vya India na bonde la Kabaw imesimama milima ya Chin, na kilele cha Kennedy kinafika futi 8,800 na ushei, karibu kimo cha reli pale Timboroa. Mawingu ya ngurumo ya majira yale yalijazana juu yake. Ndani ya wingu la aina hiyo hewa hupanda na kushuka kwa nguvu inayoweza kuitupa ndege maelfu ya futi na kupindua dira zake, rubani asijue juu wala chini. Agosti 10, 1944, wiki ile ile ambayo Divisheni ya 11 ilikuwa Tamu, ndege 16 za kivita za Spitfire za Kikosi cha 615 ziliondoka Palel, ng'ambo tu ya milima, zikaingia katika dhoruba. Nane zilipotea na marubani wanne wakafa, na hakuna risasi iliyofyatuliwa. Dakota nzito zenye mlango wazi zilivuka anga hilo hilo.

Majeruhi je? Baba mkubwa alipigwa risasi ya paja kule Kabaw akarudi nyumbani mzima, na nishani ya nyota tunayo. Alitolewaje porini, na nishani hiyo inaonyesha alipanda ndege?
*Msomaji, Njoro, Nakuru*

Njia ya kawaida ilikuwa hivi. Wabeba machela walimtoa mstari wa mbele kwa miguu, kupitia tope, hadi kwa madaktari. Palipokuwa na kiwanja kifupi, ndege ndogo ya Stinson L-5 ilimchukua mgonjwa mmoja mmoja hadi uwanja ambapo Dakota ingeweza kutua. Dakota iliyoleta unga ikageuzwa machela, 18 kwa mpango wa kawaida, ikarudi India. Kidonda cha paja kinachokaa siku tano ndani ya lori huoza. Kikifika hospitali siku hiyo hiyo, mguu unapona, na yaelekea hiyo ndiyo tofauti iliyomrudisha baba mkubwa nyumbani akitembea. Wagonjwa wa malaria na wa homa ya utitiri, iliyolikumba sana bonde lile, nao walisafirishwa kwa njia hiyo.

Nishani yenu ni Nyota ya Burma. Utepe wake una mstari mpana mwekundu katikati, na kila upande buluu iliyokoza yenye mstari wa rangi ya chungwa. Ilitolewa kwa utumishi wa vita kati ya Desemba 11, 1941 na Septemba 2, 1945, na haisemi chochote kuhusu ndege. Kitakachosema ni kitabu chake cha utumishi, kama kimehifadhiwa: tafuta namba yake ya jeshi na namba ya batalioni kabla ya herufi za KAR. Ikiwa ni 11 KAR, batalioni ya Kenya, basi alikuwa katika Brigedi ya 25. Divisheni yake iliendelea kuteremka bonde, ikakutana na Divisheni ya 5 ya India huko Kalemyo katikati ya Novemba, ikaingia Kalewa Desemba 2, 1944. Siku nane baadaye daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vinavyounganishwa papo hapo, lenye urefu wa futi 1,154 lilikuwa tayari juu ya Chindwin.

Kwa wale ambao hawakurudi, majina yako kwenye orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, na kutafuta mtandaoni ni bure. Jaribu jina kwa tahajia zaidi ya moja, kwa sababu makarani waliandika walivyosikia: Wafula huenda akawa Wafura, na Otieno akaandikwa kwa jina la baba yake peke yake. Ambao makaburi yao hayajulikani wamechongwa kwenye nguzo za makaburi ya Taukkyan, nje ya Yangon, pamoja na wenzao karibu 27,000.